Jedwali halijawahi kunusa gari

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, wanafunzi, na nyinyi mliosimama mlangoni kwa sababu viti vimekwisha, asanteni kwa kuja. Najua baadhi yenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili la thamani ya gari na kodi yake, na kuna mzee mwenzangu hapa mbele ameshaanza kutabasamu. Vumilia, bwana. Nitalisema mpaka wanaopanga kodi za magari wachoke kunisikia kabla mimi sijachoka kusema.

Ofisi ya kodi ikitaka kujua gari lako lina thamani gani, hufungua jedwali. Hutazama mwaka wa kutengenezwa, hutazama bei ya gari hilo lilipokuwa jipya, hukata asilimia fulani kwa kila mwaka uliopita, basi, kazi imekwisha. Mnunuzi akitaka kujua thamani ya gari hilohilo, huinama. Huchungulia chini, hufungua boneti, hunusa, hugonga bodi kwa kidole, kisha humtazama muuzaji usoni. Wote wawili wanasema "thamani". Wakitofautiana, anayelipia tofauti yao ni mwenye gari.

Sasa kile kisa. Ndiyo, kilekile.

Nilipokuwa bado nafanya kazi ya uthamini niliitwa kukagua magari mawili. Aina moja, mwaka mmoja, rangi moja nyeupe, yote yana miaka 5. Jedwali lilikuwa limeyapa thamani moja mpaka senti ya mwisho, na kodi moja. Wenye magari walikuwa majirani, na wa pili alikuwa analalamika: gari la mwenzake limepata wanunuzi watatu, lake linatazamwa na kuachwa, na wote wametozwa sawasawa.

Gari la kwanza lilikuwa la mwalimu. Ukiliona usingeligeukia mara mbili. Bampa limekwaruzwa, kiti cha dereva kimechanika ukingoni pale mtu anapojiburuza kutoka. La pili lilikuwa linang'aa. Limeoshwa hadi ndani ya rimu, tairi zimepakwa dawa ya kuzitia weusi, dashibodi inateleza kwa mafuta. Nilipofungua mlango, manukato yakanipiga usoni. Hapo ndipo niliposhtuka. Mtu hapulizii gari manukato kiasi kile ila ana harufu anayoificha.

Nikaushika mkanda wa usalama, nikauvuta taratibu mpaka ukafika mwisho. Watu husugua viti, husugua zulia, lakini mkanda huusahau, kwa sababu kipande chake cha mwisho hukaa kimejikunja ndani ya nguzo. Pale kwenye kipande kile palikuwa na mstari wa kahawia umekatisha upana wa mkanda, kama chai iliyomwagika ikakauka. Nikafungua nati za kiti, nikakitoa, nikainua zulia. Chini yake kulikuwa na tope kavu, laini kama unga, na soketi za nyaya zimeota kutu ya kijani. Gari lilikuwa limezama. Mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi pia niliuziwa hivyo hivyo." Na ninamwamini.

Nikarudi kwa mwalimu. Ndani ya kisanduku cha dashibodi kulikuwa na daftari la mazoezi la shule. Kila sevisi imeandikwa kwa mkono: tarehe, kilomita, oili gani, fundi nani, kilichobadilishwa. Kuna mahali ameandika, "Sauti mguu wa kushoto mbele, kumbe ni jiwe." Jiwe! Mtu anayeandika jiwe hawezi kuficha giaboksi. Wale wanunuzi watatu hawakuwa wakigombea chuma tu, walikuwa wakigombea daftari.

Niliandika ripoti kwa ofisi iliyotoza kodi. Nikaweka picha za mkanda, za tope, za nyaya. Nikasema hili lililozama thamani yake ni ya vipuri, tena si vyote. Jibu lilikuwa na mstari mmoja: kiwango cha uchakavu, yaani thamani inayokatwa kila mwaka, ni kama kilivyo kwenye jedwali. Tangu siku ile nasema, jedwali halijawahi kunusa gari.

Haya, tufanye hesabu kidogo, msiogope. Chukueni gari lililonunuliwa kwa 100. Sitaji sarafu, kila mtu aweke yake. Wahasibu wana njia mbili zinazojulikana za kuukata uchakavu. Ya kwanza hukata kiasi kilekile kila mwaka. Tuseme 10. Baada ya miaka 5 limebaki 50. Ya pili hukata asilimia ileile ya kilichobaki. Tuseme asilimia 20. Mwaka wa kwanza limebaki 80, wa pili 64, wa tatu 51 na ushei, wa nne karibu 41, wa tano karibu 33. Soko, kwa gari la kawaida, hufanana zaidi na hii ya pili, yaani hukata sana mwanzoni kisha hutulia. Sasa kodi yako ikikadiriwa kwa njia ya kwanza, mwaka wa tano unaambiwa una mali ya 50 wakati sokoni utapata 33. Hizo 17 hazipo. Hata ukizunguka nazo mwaka mzima hupati mtu wa kukupa. Lakini kodi yake unalipa.

Hapo mhasibu husimama kunilaumu, kwa hiyo nimjibu kabisa kabla hajasimama. Ndugu, sikulaumu wewe. Wewe uchakavu wako ni namna ya kugawa gharama kwenye miaka ya matumizi, hukumwahidi mtu kwamba ndiyo bei. Namlaumu aliyelichukua jedwali lako akalifanya bei.

Kwa nini soko hukata sana mwanzoni? Gari la mwezi mmoja halijachakaa kitu. Tairi bado zina vinyweleo vya kiwandani. Lakini lipeleke sokoni, uone. Swali la kwanza la mnunuzi ni, "Mbona unaliuza?" Swali hilo peke yake limeshakata bei.

Mwaka 1970 mchumi mmoja wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala kuhusu jambo hili. Majarida matatu yalikuwa yameikataa. Mwaka 2001 alipata tuzo ya Nobeli ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Hoja yake mtu yeyote anayeuza magari anaielewa. Muuzaji anajua ubovu wa gari, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hutoa bei ya katikati, wala si ya zima wala si ya bovu. Mwenye gari zima akisikia bei hiyo huwasha gari akarudi nyumbani. Yanayobaki sokoni ni yale mengine. Mnunuzi naye si mjinga, analijua hilo, anashusha tena. Waswahili walishasema usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Akerlof alionyesha kwamba gunia hushusha hata bei ya mbuzi wazima.

Sasa lile daftari la mwalimu ni nini? Ni mtu aliyefungua gunia. Na jedwali la kodi halina safu ya daftari.

Nawasikia. "Mzee, jedwali ni haki, halihongeki." Kweli kabisa. Mimi mwenyewe nimewahi kuwaona wathamini wanaokagua mkono wa mwenye gari badala ya gari. Mkiniletea mfumo ambao kila gari linakadiriwa na mtu mmoja, chumba kimoja, bila maandishi, nami nitaukataa. Sikusema jedwali lichomwe. Ninachotaka ni mlango. Jedwali liseme kwanza, halafu mwenye gari aruhusiwe kuleta gari lenyewe, picha, ripoti, daftari, aseme: hapa mmekosea. Mnaona ni jambo kubwa? Kuna wanaolifanya.

Jimbo la Texas, huko Marekani, ukinunua gari lililotumika kutoka kwa mtu binafsi kodi ni asilimia 6.25. Jimbo lina thamani yake ya kukisia kwa kila gari. Ukilipa asilimia 80 ya thamani hiyo au zaidi, unatozwa kwa ulicholipa. Ukilipa chini ya hapo, unatozwa kana kwamba umelipa hiyo asilimia 80. Sababu yake inaeleweka, maana watu huandika bei za uongo kwenye hati za mauzo, msijifanye hamjui. (Kicheko.) Lakini mlango upo. Ukileta hati ya uthamini kutoka kwa muuza magari au mkadiriaji wa bima mwenye leseni, katika muda uliowekwa tangu ununue, wanaisikiliza. Yule jirani wa mwalimu angekuwa huko angeleta ripoti yangu, na tope lake.

Au tazameni Ulaya. Ureno ilikuwa ikiyatoza magari yaliyotumika yanayotoka nchi nyingine za Jumuiya ya Ulaya kodi iliyokaribia ile ya gari jipya, punguzo lisilozidi asilimia 10. Mwenye gari akashtaki. Mwaka 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema jambo ambalo ningependa liandikwe kwenye mlango wa kila ofisi ya kodi. Kodi iliyolipwa gari likiwa jipya huwa sehemu ya bei yake. Gari likishuka thamani, kodi iliyomo ndani yake nayo hushuka. Kwa hiyo gari lililoingizwa haliwezi kutozwa zaidi ya kodi iliyobaki ndani ya gari kama hilo lililokwisha kusajiliwa nchini. Kodi iliyobaki ndani ya gari! Mimi miaka yote nilikuwa nayatafuta maneno hayo.

Mwaka 2001, katika kesi nyingine ya Ureno, mahakama hiyohiyo ikakubali kwamba nchi inaweza kutumia jedwali. Hapa mpinzani wangu hupiga makofi. Apige, lakini asome mpaka mwisho: jedwali likaribie hali halisi, vigezo vyake vijulikane kwa umma, na mwenye gari apewe nafasi ya kulipinga. Mlango, ndugu zangu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na kurasa nne za odomita, kile kipimo cha kilomita, nitazifanya sentensi nne. Odomita hurudishwa nyuma. Ukiambiwa gari lina kilomita 40,000, tazama mpira wa pedali ya breki, na usukani pale mikono inaposhika. Pedali iliyolika mpaka ikawa laini haikuishia kilomita 40,000, imetembea zaidi. Tazama pia alama za tarehe kwenye vioo na kwenye mikanda, maana kioo kipya kuliko gari kina hadithi yake, na jedwali haliulizi.

Magari ya umeme nayaruka, ila mjue tu kwamba huko jedwali litaaibika zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya thamani iko kwenye betri, na betri mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na afya tofauti kabisa kutegemea zilivyochajiwa na joto zilizokaa nalo. Bima nayo naiacha.

Na kijana aliyeninong'oneza kabla ya kuanza kwamba kuna magari yanayopanda thamani, ndiyo, yapo. Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 tu kuanzia 1962, na mwaka 2018 moja iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 48. Gari lako si Ferrari 250 GTO, mwanangu. Liuze.

Sawa, mwenyekiti, sawa, nakaa. Maswali ni ya dakika 10, halafu mwenye gari hapo nje asiyeogopa, tutoke pamoja. Nina spana ya nati za viti kwenye mfuko wangu. Yule dada wa nyuma ndiye aanze, mkono umekuwa juu tangu tulipokuwa Texas.