Mtoto wa miaka minane tunamchuja wa nini?

Wazee wangu shikamooni. Walimu wenzangu wa michezo, wazazi mliofika, asanteni kwa kuja.

Nianze na Norwei, nchi ya watu milioni 5 na ushei. Mwaka 1987 shirikisho lao la michezo liliweka kanuni za michezo ya watoto, na mwaka 2007 likazikaza. Kabla ya mwaka anaotimiza miaka 11, mtoto hapangwi kwenye msimamo wa ligi, wala haitangazwi nani wa kwanza na nani wa mkiani. Ubingwa wa taifa husubiri hadi mwaka anaotimiza miaka 13. Zawadi zikitolewa, kila mtoto aliyecheza anapata.

Najua mnachojiuliza, hata mimi nilijiuliza: sasa moyo wa ushindi watautoa wapi? Lakini waliolelewa na kanuni hizo walikwenda Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing mwaka 2022 wakarudi na medali 37, kati yake 16 za dhahabu, wakayapita mataifa yote. Sisemi ni kanuni peke yake. Theluji wanayo, fedha za bahati nasibu ya taifa zinafika kwenye klabu, na wazazi wanafundisha bila malipo. Ila kuchelewa kuchuja hakukuwaangusha.

Marekani hakuna hata wizara ya michezo. Klabu hutoza ada, mzazi huendesha gari hadi jimbo jingine kwa mechi, na mashindano ya kitaifa ya watoto wa miaka 8 yapo. Huko kinachochuja kwanza ni mfuko wa mzazi.

Sisi Tanzania tuna UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi yanayopanda ngazi: shule, kata, wilaya, mkoa, taifa. Nayapenda mashindano haya kwa dhati. Lakini mwaka mmoja nilichagua wachezaji kumi na mmoja mapema kabisa, watoto zaidi ya arobaini wakabaki chini ya mwembe wakitazama. Wiki iliyofuata wengi hawakurudi uwanjani. Iliniuma sana, kwa sababu aliyewafukuza ni mimi.

Siku hizi nagawa uwanja vipande vinne, watano kwa watano, kwa mipira ya makaratasi na kamba tunayoisokota wenyewe, kama chandimu ya mtaani. Wasichana waliokuwa wakishangilia tu wameingia kucheza. Timu ya kata bado tunapeleka, ila tunaichagua wiki ya mwisho, na jioni hiyohiyo wenzao wanaendelea na mechi zao.