Mshono Unapofika Nyumbani: Utafiti wa Kuzuia Matatizo Baada ya Upasuaji

Ndugu wauguzi, madaktari na wanafunzi wa vyuo vya afya mliokusanyika hapa Dodoma,

Mgonjwa anapotolewa chumba cha upasuaji akiwa anapumua vizuri, ndugu zake humshukuru Mungu na kuona kwamba hatari imepita. Takwimu za bara letu hazikubaliani nao. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wagonjwa 11,422 waliopasuliwa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika walifuatiliwa kwa makini. Walikuwa watu wenye umri mdogo, wastani ukiwa miaka 38.5, na wengi wao hawakuwa na maradhi mengine makubwa. Hata hivyo asilimia 18.2 walipata matatizo baada ya upasuaji, na asilimia 2.1 walifariki, kiwango ambacho ni maradufu ya wastani wa dunia. Linalopaswa kutushughulisha zaidi ni wakati wa vifo hivyo. Kati ya vifo 239, vifo 225 vilitokea baada ya siku ya upasuaji kupita, yaani mgonjwa akiwa wodini, mikononi mwa wauguzi na ndugu zake.

Tatizo lililoongoza katika utafiti huo lilikuwa maambukizi, na ndiyo maana nitatumia sehemu kubwa ya mhadhara huu kuyazungumzia. Sipuuzi damu kuganda miguuni, nimonia, wala kuvuja damu, ambako huwaua mama zetu waliojifungua kwa upasuaji. Lakini maambukizi ya kidonda ndiyo yanayotupa nafasi pana zaidi ya kuzuia kwa vitu ambavyo tayari tunavyo.

Tuanze na antibayotiki. Mwaka 1992 ulichapishwa nchini Marekani utafiti wa wagonjwa 2,847 ulioangalia jambo moja tu: dawa ilitolewa saa ngapi ikilinganishwa na kisu kilipoingia. Waliopewa dawa ndani ya saa mbili kabla ya kupasuliwa walipata maambukizi kwa asilimia 0.6, waliochelewa kupewa hadi zaidi ya saa tatu baada ya kupasuliwa walipata kwa asilimia 3.3. Sababu yake inaeleweka. Vijidudu huingia wakati ngozi iko wazi, na dawa inayofaa ni ile inayovikuta ikiwa imekwisha kusambaa katika nyama. Dawa inayoanzishwa wodini jioni, mshono ukiwa umefungwa, inafika vijidudu vikiwa vimekwisha kujikita.

Pamoja na ujuzi huo wa miaka mingi, desturi ya kumpa mgonjwa sindano na vidonge kwa siku tano au saba baada ya upasuaji imedumu katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, nami naielewa hofu inayoidumisha. Daktari anajua kwamba maji ya wodini hukatika, kwamba vitanda havitoshi, kwamba mgonjwa anarudi kwenye nyumba yenye vumbi, na anaona dawa ndiyo kinga pekee iliyo chini ya uwezo wake. Hofu hiyo hujibiwa kwa utafiti uliofanywa katika mazingira yaleyale, wala haijibiwi kwa kukemea. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya hospitali ya Thika, Kenya, ambako utaratibu ulibadilishwa kutoka dawa za siku kadhaa baada ya upasuaji kwenda dawa inayotolewa kabla ya kupasua: maambukizi ya juu juu ya mshono yalipungua, na gharama za dawa za sindano zikapungua pia. Hapa kwetu, Bugando, Mwanza, wanawake 500 waliojifungua kwa upasuaji wa dharura waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa dozi moja ya jentamaisini na metronidazo kabla ya kupasuliwa, nusu wakaendelea kupewa dozi nyingi. Dozi nyingi hazikuonyesha faida ya ziada. Jaribio la namna hiyo lilifanyika pia katika Hospitali ya Ndala, mkoani Tabora, hospitali ya kijijini isiyo na anasa yoyote, na hitimisho likawa lilelile. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliweka katika mwongozo wake kwamba dawa ya kinga itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kupasua na isiendelezwe baada ya upasuaji kumalizika. Kila dozi isiyo na kazi inayomezwa wodini hulea vijidudu sugu, ambavyo mgonjwa wa kitanda cha pili atakutana navyo kesho.

Nchi yetu ina mchango katika elimu hii ambao wanafunzi wengi hawaufahamu. Orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, ile yenye vipengele 19 iliyobandikwa ukutani katika vyumba vingi vya upasuaji, ilijaribiwa kati ya mwaka 2007 na 2008 katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa Ifakara, mkoani Morogoro, sambamba na hospitali za London, Seattle, Toronto na kwingineko. Matatizo makubwa yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7, na vifo kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo inamtaka kila aliyemo chumbani ajitambulishe, inauliza kama dawa ya kinga imetolewa, na inataka vifaa na vitambaa vihesabiwe kabla mgonjwa hajaondoka. Pale inapojazwa baada ya kazi kwisha ili karatasi ionekane safi, haimkingi mtu yeyote.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni lile lililochapishwa mwaka 2022, lililohusisha hospitali 81 za nchi saba, zikiwemo Rwanda, Nigeria, Ghana, Benin na Afrika Kusini. Lilipima tendo dogo: timu inayopasua tumbo ibadilishe glavu na vifaa kabla ya kufunga kidonda. Kwa kuwa timu moja haiwezi kubadilisha glavu kwa mgonjwa wa asubuhi na kuacha kwa wa mchana bila mazoea kuchanganyika, ziligawanywa hospitali nzima kwa bahati nasibu badala ya mgonjwa mmoja mmoja. Njia hii si ngeni mkoani Dodoma, kwani vijiji vya Kongwa viligawanywa kwa namna hiyo katika utafiti wa kunawa uso ili kuzuia trakoma, uliochapishwa mwaka 1995. Kati ya wagonjwa 13,301 wa jaribio la glavu, maambukizi yalikuwa asilimia 18.9 kwa utaratibu wa kawaida na 16.0 kwa waliobadilishiwa glavu na vifaa. Tofauti ya watu watatu katika kila mia ni kubwa, ukizingatia kwamba haikuhitaji dawa mpya wala mashine.

Si kila wazo zuri hufaulu. Mwaka uliotangulia, jaribio jingine lilikuwa limeonyesha kwamba nyuzi zilizopakwa dawa ya kuua vijidudu, ambazo ni ghali, hazikuwa bora kuliko nyuzi za kawaida. Mwaka huohuo yakatoka matokeo ya jaribio la hospitali 332 za Afrika, ambapo wagonjwa walio hatarini zaidi walitakiwa kuangaliwa na muuguzi mara nyingi zaidi, kulazwa kitanda kinachoonekana kutoka meza ya wauguzi, na kuruhusiwa kukaa na ndugu. Nani angepinga hayo? Lakini vifo havikupungua. Kwa maoni yangu, usiku muuguzi mmoja anapobeba wodi nzima, kumwagiza aangalie zaidi bila kumwongezea mwenzake ni kumpa agizo lisilotekelezeka. Matokeo ya namna hiyo yana thamani kubwa, kwa sababu yanatuzuia kutumia fedha haba mahali pasipo na faida na kutuonyesha kwamba madai ya wauguzi wa kutosha ni madai ya kisayansi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta mbele yenu. Maambukizi ya mshono huhesabiwa hadi siku ya 30 baada ya upasuaji. Utafiti wa nchi 25 na ule wa Ifakara na wenzake ulihesabu yaliyotokea mgonjwa akiwa bado hospitalini. Akiruhusiwa, hesabu ilikoma. Kwa mikoa ya Dodoma na Singida, hii ina maana kwamba tunapima sehemu fupi ya safari. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huruhusiwa baada ya siku chache na kurudi Chemba, Bahi au Manyoni. Kama ni kati ya Desemba na Aprili, mvua inanyesha na shamba linamsubiri. Ndoo ya maji na kuni vinamsubiri misimu yote. Mshono ukianza kutoa usaha siku ya kumi, ataenda zahanati iliyo karibu, na daftari la hospitali iliyompasua litaendelea kusema kwamba alitoka salama.

Kuna njia zilizokwisha kujaribiwa. Thika wauguzi waliwapigia simu waliopasuliwa. Kirehe, Rwanda, wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliwatembelea akina mama nyumbani, wakawauliza kuhusu mshono na kuupiga picha. Sisi tunaweza kuanza na simu. Kabla mgonjwa hajaruhusiwa, ziandikwe namba mbili, yake na ya ndugu au jirani, kwa ridhaa yake, na aulizwe anapenda kuzungumza kwa lugha gani, kwa sababu bibi wa Kigogo au wa Kirangi hataeleza maumivu yake vizuri kwa Kiswahili cha ofisini. Kisha muuguzi apige siku ya saba, ya 14 na ya 30, aulize kama kuna usaha, homa, harufu, uvimbe au mshono kuachia, na kama mgonjwa amepewa dawa mahali pengine. Anayejibu ndiyo arudi kliniki siku hiyohiyo au kesho yake, bila kupangishwa foleni ya wagonjwa wa kawaida.

Wanafunzi mnaotafuta mada za tasnifu, hapo pana kazi ya miaka mingi. Anzeni na wodi ya wazazi, mwezi mmoja, daftari moja lenye safu ya siku ya 30, baada ya kupata kibali cha kamati ya maadili. Safu hiyo ikijaa, ndipo tutajua kiwango chetu halisi, na ndipo tutaweza kubuni jaribio letu wenyewe na kulipima.