Utafiti wa Mazingira Uanzie Jikoni: Mhadhara kwa Walimu, Busia

Walimu wenzangu, wazee wa kamati za shule, nanyi vijana mnaosomea ualimu, hamjambo. Nimepewa mada ndefu: utafiti wa maendeleo endelevu katika elimu na usimamizi wa mazingira. Mkiniruhusu nitaibana. Leo nazungumzia kuni.

Mengine mnayajua. Tangu ripoti ya Tume ya Brundtland ya mwaka 1987 tunafundisha kwamba maendeleo endelevu ni kukidhi haja za leo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kukidhi za kwao. Umoja wa Mataifa ukatenga miaka kumi mizima, 2005 hadi 2014, kwa elimu ya jambo hilo. Hapa Uganda tunayo NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, tangu 1995, na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019. Kwa karatasi hatujapungukiwa. Lakini kwa hesabu za serikali yenyewe, misitu ilishuka kutoka takribani asilimia 24 ya nchi mwaka 1990 hadi karibu asilimia 9 mwaka 2015.

Sasa zungukeni nyuma ya darasa ambamo mtoto anakariri madhara ya kukata miti. Mtakuta jiko. Lori la Fuso limemwaga kuni asubuhi, bado mbichi, na jioni ziko chini ya sufuria ya posho. Anayeziandika ni mhasibu peke yake, naye anaandika shilingi. Kilo hazimhusu.

Tufanye hesabu ya mfano. Shule ya bweni ina wanafunzi 800, na chakula cha kila mmoja kinatumia nusu kilo ya kuni kwa siku. Hizo ni kilo 400 kila siku. Muhula wa siku 90 unakula tani 36. Je, hiyo nusu kilo ni kweli kwa shule yako? Shuleni kwako anayeweza kukujibu ni nani? Hapo ndipo utafiti ulipo, na hauhitaji ruzuku kutoka ng'ambo.

Njia yake ni nyepesi. Asubuhi pimeni rundo la kuni. Kesho yake pimeni lililobaki. Kwenye kilo za jana ongezeni zilizoletwa katikati, toeni zilizobaki, kisha gawanyeni kilo zilizotumika kwa idadi ya waliokula. Rudieni siku tatu au nne mfululizo, maana siku ya maharage si sawa na siku ya uji. Andikeni pia kama kuni zilikuwa mbichi au kavu. Hili wengi hulidharau, kumbe ndilo zito kuliko yote. Kilo ya kuni iliyokauka kabisa ina joto la megajuli 18 hivi. Kilo ambayo nusu yake ni maji hutoa kama 8 tu: kitu cha kuungua kimepungua nusu, na sehemu ya moto wake inapotea kwa kuchemsha maji yaliyomo ndani ya kuni zenyewe. Kwa hiyo shule inayonunua kuni mbichi inamlipa mwenye lori abebe maji. Banda la mabati la kukaushia linaweza kuokoa miti mingi kuliko hotuba zetu zote.

Kuna mafiga pia: moto wa wazi hupeleka kwenye sufuria sehemu ndogo tu ya joto, kwa kawaida haizidi asilimia 20. Na kuna maharage, ambayo yakikaa ghalani kwenye joto na unyevu huwa magumu kuiva. Kuyaloweka usiku kucha hakugharimu kitu. Wacheni watoto wapike sufuria mbili, moja ya yaliyolowekwa na moja ya makavu, wapime kuni za kila moja.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unadai kazi za mradi, na tathmini endelevu inabeba asilimia 20 ya alama za mwisho. Wa kwanza kufanya UCE, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, kwa utaratibu huo walifanya mwaka 2024. Miradi mingi ninayoiona ni sabuni ya maji na vikapu. Siikatai sabuni. Ila kidato cha pili wakipima kuni mwaka huu, na wanaowafuata wakaendelea na daftari lilelile, baada ya miaka minne shule ina takwimu ambazo hata chuo kikuu kingezitamani.

Mtaniambia kuna kupanda miti. Sawa, mgeni rasmi anapanda, anapigwa picha, na kiangazi cha Januari mche unakauka bila wa kuumwagilia. Mtaniambia kuna amri ya Rais ya Mei 2023 dhidi ya biashara ya mkaa wa kaskazini. Ipo, lakini haihesabu kuni za jikoni kwetu. Mwingine atataja bwawa la umeme la Karuma na megawati zake 600. Vizuri sana, lakini mwalimu mkuu atalinganishaje bili ya umeme na kuni kama hajui anachoma kilo ngapi?

Kwa vifaa, mizani inayopimia magunia ya mahindi sokoni inatosha. Jambo la mwisho ni mpishi. Mshirikisheni tangu siku ya kwanza, na jina lake liwemo kwenye ripoti. Mkimficha atadhani mnatafuta mwizi, siku za kupima atabana kuni kuliko kawaida yake, na takwimu zenu zitakuwa za uongo kabla hamjaziandika.

Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.