Dawa Mpya Mbele ya Mchunguzi wa Hataza: Namna Udhahiri Unavyopimwa

Mhadhara uliotolewa Mbeya kwa wanafunzi wa famasia na kemia

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokubali kukaa ukumbini jioni ya baridi ya Julai kama hii: shikamooni kwa mnaostahili, na wengine habari zenu.

Hataza ni haki ya kisheria inayompa mvumbuzi uwezo wa kuwazuia wengine kuutumia uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Ofisi ya hataza inapopokea ombi la kulinda kampaundi mpya ya dawa, mchunguzi hujiuliza maswali matatu: je, kampaundi ni mpya, je, ina hatua ya uvumbuzi, na je, inaweza kutumika viwandani. Ibara ya 27 ya TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki miliki, imeyataja yote matatu, na sheria yetu ya hataza ya mwaka 1987 nayo inayadai. Swali la kwanza na la tatu kwa kawaida hayana ugomvi mkubwa katika dawa, kwa sababu kampaundi ambayo haijawahi kuelezwa popote ni mpya, na kampaundi inayotibu ina matumizi. Ugomvi uko kwenye la pili, yaani kama kampaundi hiyo ilikuwa dhahiri au la, na hilo ndilo nitakalolizungumzia.

Kwanza tumfahamu mtu ambaye udhahiri hupimwa kwa macho yake. Si mchunguzi mwenyewe, wala si mvumbuzi. Ni mtu wa kufikirika mwenye ujuzi wa kawaida wa fani husika, ambaye amesoma kila kitu kilichochapishwa kabla ya tarehe ya ombi, kwa lugha yoyote na katika nchi yoyote, lakini hana kipaji cha kubuni. Katika dawa mtu huyo huwa ni timu: mkemia wa kuunda molekuli, mtaalamu wa famakolojia, na mara nyingine mtaalamu wa kutengeneza vidonge. Mchunguzi anatakiwa arudi nyuma hadi tarehe ya ombi, asahau jibu analoliona mbele yake, kisha aulize timu hiyo ingefanya nini. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, kwa kuwa kitendawili kikishateguliwa kila mtu husema alikuwa anakijua.

Ofisi ya Hataza ya Ulaya imejaribu kuudhibiti udhaifu huo kwa kumwekea mchunguzi utaratibu. Hutafuta andiko moja lililotangulia lililo karibu zaidi na uvumbuzi, huonyesha tofauti iliyopo, huuliza tofauti hiyo imeleta faida gani, na kutokana na faida hiyo huliunda upya tatizo ambalo mvumbuzi alilitatua. Mwishoni huuliza kama mtaalamu mwenye tatizo hilo mkononi angelifanya badiliko hilo. Kwamba angeweza kulifanya haitoshi, maana mkemia mwenye maabara nzuri anaweza kuunda karibu kila kitu kinachochorwa. Linalotafutwa ni sababu ya kumsukuma alifanye, pamoja na matumaini ya msingi kwamba litafaulu.

Wamarekani wamefika karibu na hapo kwa njia nyingine. Mwaka 1966, katika kesi ya Graham dhidi ya John Deere, Mahakama yao ya Juu kabisa iliagiza yapimwe maarifa yaliyotangulia, tofauti iliyopo, na kiwango cha ujuzi wa fani, pamoja na ushahidi wa pembeni kama vile hitaji lililokaa muda mrefu bila jawabu au kushindwa kwa wengine waliojaribu. Aprili 2007, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex, mahakama hiyohiyo ilisema kwamba pale ambapo njia zinazojulikana ni chache na matokeo yake yanatabirika, kuijaribu mojawapo na kufaulu kunaweza kuwa jambo dhahiri. Kesi yenyewe ilihusu pedali ya gari, lakini waliotetemeka zaidi walikuwa mawakili wa kampuni za dawa.

Hofu yao ilipata jibu ndani ya miezi miwili, na jibu hilo ndilo ninalotaka tulichunguze kwa karibu. Pioglitazoni ni dawa ya kisukari cha aina ya pili. Kampuni ya Takeda ya Japani ilikuwa na hataza yake. Kampuni ya Alphapharm, iliyotaka kutengeneza dawa hiyo kwa jina lake la kawaida, ilidai kuwa hataza haikustahili kutolewa. Hoja yake ilikuwa ya kikemia kabisa. Katika maandiko yaliyotangulia kulikuwa na kampaundi ya familia ileile ya thiazolidinedioni, iliyoitwa kwenye kesi kampaundi b, yenye kundi la methili kwenye nafasi ya 6 ya pete ya piridini. Pioglitazoni ina kundi la ethili kwenye nafasi ya 5. Ongeza kaboni moja, lisogeze kundi hatua moja kwenye pete, na umefika. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili angezichora zote mbili ubaoni, na kurefusha mnyororo kwa kaboni moja ni jambo ambalo wakemia wa dawa hulifanya kabla ya chai ya saa nne.

Mahakama ya rufaa haikuanza na kaboni. Iliuliza kwanza kwa nini mtaalamu wetu aichague kampaundi b kuwa mahali pa kuanzia. Hataza ya awali ilikuwa na madai, yaani sehemu inayotaja kinacholindwa, mapana yanayobeba mamilioni ya kampaundi, na makala ya mwaka 1982 ilitoa matokeo ya kampaundi zaidi ya mia moja. Ndani ya makala hiyo kampaundi b haikuwa miongoni mwa zilizosifiwa; iliripotiwa kuongeza uzito wa mwili na mafuta ya kahawia kwa wanyama wa majaribio. Mtaalamu anayetafuta dawa ya kisukari, ugonjwa ambao unene ni sehemu ya balaa lake, asingeikimbilia hiyo na kuziacha zenye sifa nzuri. Hata kama angeichagua, hakuna kilichomwambia kwamba badiliko hilo dogo lingeondoa madhara hayo. Hataza ikasimama.

Kwa hiyo udogo wa badiliko si kipimo. Mchunguzi anayechora molekuli mbili kando kwa kando na kuhesabu atomi zilizohama hajaanza kazi yake. Ufanano wa muundo una uzito, kwa sababu kampaundi zinazofanana sana kwa kawaida hutegemewa kufanya kazi kwa namna inayofanana, lakini mahakama za Marekani zimeshikilia tangu kesi ya Papesch ya mwaka 1963 kwamba kampaundi haitenganishwi na sifa zake. Anayeleta sifa isiyotarajiwa anaweza kuivunja dhana iliyojengwa na ufanano.

Jirani zetu wa Umalila wanaolima pareto wanaweza kutusaidia kuliona hilo. Miundo ya pirethrini, sumu ya asili iliyomo katika maua hayo, ilielezwa na Staudinger na Ruzicka mwaka 1924. Udhaifu wake ulijulikana na kila mtu: jua huiharibu upesi. Wakemia wengi walihangaika na pirethrini hizo, ambazo kikemia ni esta, yaani zina upande wa asidi na upande wa alkoholi, na alethrini, ya kwanza ya kutengenezwa kiwandani, ilipatikana mwaka 1949, lakini nayo haikustahimili mwanga wa shambani. Ni mwaka 1973 ambapo Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini, ambayo upande wake wa asidi una atomi mbili za klorini mahali pa makundi mawili ya methili, na upande wake wa alkoholi una kundi la fenoksibenzili. Hiyo ilistahimili jua. Leo ipo kwenye vyandarua na kwenye krimu ya upele inayouzwa katika maduka ya dawa hapa mjini. Mchunguzi akiletewa ombi la namna hiyo, karibu nusu karne ya watu wenye ujuzi kulikosa jibu la tatizo linalojulikana ni ushahidi mzito kwamba jibu halikuwa dhahiri. Lakini mara permethrini ikishachapishwa, hali hubadilika kwa anayefuata: kuweka bromini mahali pa klorini ni badiliko linaloshauriwa na jedwali la elementi lenyewe, na mwombaji atalazimika kuonyesha ongezeko la nguvu lisilotarajiwa, si kwamba tu kampaundi yake nayo inaua mbu.

Chumvi za dawa, yaani dawa ileile iliyounganishwa na asidi fulani, hupata shida zaidi mbele ya mchunguzi, na kwa maoni yangu inafaa iwe hivyo. Amlodipini, ambayo wazee wetu wengi wanaimeza kila siku kwa shinikizo la damu, iliandaliwa kwanza kama chumvi ya maleati, lakini vidonge vilinata kwenye mashine na havikuwa imara vya kutosha. Pfizer ikahamia chumvi ya besilati na ikapata hataza. Machi 2007 mahakama ya rufaa ya Marekani iliifuta: chumvi zinazokubalika katika dawa zilikuwa zimeorodheshwa katika makala ya mwaka 1977, orodha ya anioni 53, na mtaalamu mwenye vidonge vinavyonata angeijaribu orodha hiyo kama kazi ya kawaida ya kila siku. Bila shaka hakuna aliyejua kabla ya kujaribu kwamba besilati ingefaa. Uhakika kamili hauhitajiki, bali matumaini yenye msingi.

Kwa klopidogreli hukumu ilikwenda upande mwingine. Sanofi ilikuwa imefanyia kazi mchanganyiko wa enantioma mbili, yaani molekuli zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, kwa miaka kadhaa kabla ya kuzitenganisha, ikakuta kwamba moja ina karibu nguvu yote ya kuzuia damu kuganda huku nyingine ikiwa na karibu sumu yote ya neva. Mgawanyiko mkali kiasi hicho haukutabirika, na mwaka 2008 hataza ilibaki. Mimi nisingeitetea hukumu hiyo kwa nguvu nyingi. Kila mwalimu wa famakolojia hufundisha kwamba enantioma hutofautiana mwilini, kwa hiyo kuzitenganisha na kuzipima ni wajibu wa kawaida, na mchunguzi ana haki ya kudai mengi kwa mwombaji wa aina hiyo.

India imeweka uzio mwingine kabisa katika kifungu cha 3(d) cha sheria yake, kinachokataa umbo jipya la dutu inayojulikana lisiloongeza ufanisi, ambacho mwaka 2013 kilitumika kuikatalia Novartis hataza ya fuwele za beta za imatinibu mesilati, dawa ya saratani, mahakama ikisema kwamba ufyonzwaji bora mwilini pekee si ufanisi bora wa tiba.

Mtauliza haya yanatuhusu nini, ikiwa TRIPS haizilazimishi nchi zenye maendeleo duni kama yetu kulinda hataza za dawa hadi 1 Januari 2033. Yanatuhusu kwa sababu mkemia wa Mbeya anayetaka soko ataomba hataza nje ya nchi pia, na kwa sababu ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki ubunifu lililoko Harare, huchunguza maombi yanayoitaja Tanzania, na nchi yetu hupewa miezi sita ya kutamka kwamba hataza husika haitakuwa na nguvu hapa. Nchi haiwezi kutamka jambo la maana bila watu wanaojua kusoma madai ya kampaundi.

Chukueni mfano wa mmoja wenu aliyetenga kampaundi kutoka mti wa dawa na kuiongezea kundi la asetili. Kwanza asiweke tasnifu yake maktabani kabla ya kuwasilisha ombi, maana itahesabiwa kuwa maandiko yaliyotangulia. Kisha ategemee mchunguzi amwambie kwamba kuongeza asetili ili molekuli ipenye kwenye mafuta ya seli ni jambo la kitabu cha shahada ya kwanza. Ombi halitaokolewa na maelezo ya jinsi kazi ilivyokuwa ngumu. Linahitaji jedwali linaloweka kampaundi mpya pembeni ya ile ya asili, kwenye seli zilezile na kwa dozi zilezile, likionyesha tofauti ambayo kitabu kisingeitabiri. Tena, tofauti hiyo ionekane kwa wigo wote anaoudai. Akidai kampaundi elfu moja na kupima mbili, ofisi ya Ulaya itamrejesha kwenye uamuzi wake wa AgrEvo wa mwaka 1995, unaosema kwamba kampaundi zisizotatua tatizo lolote ni uchaguzi wa kiholela tu. Data za baadaye zinaweza kupokelewa, na Baraza Kuu la Rufaa la ofisi hiyo lilisema hivyo mwaka 2023, lakini kwa sharti kwamba mtaalamu, akiwa na ujuzi wa kawaida wa fani na akilisoma ombi lilivyowasilishwa, angeiona faida hiyo kuwa imo ndani ya mafundisho yake. Ombi lililoandika tu kwamba kampaundi inaweza kutibu magonjwa mbalimbali halina mahali pa kuzipachika data hizo.