Mshauri na Upepo wa Kusi

SALIM: Asalaam alaikum, karibuni tena barazani. Tunarekodi Lamu, mtaa wa Mkomani, basi mkisikia punda akilia, huyo si mgeni wetu. Mgeni leo hatuna. Nimeamua kumhoji mwenzangu, Bi Mwanaisha, maana kila wiki vijana wananiandikia: "Nataka kuwa mshauri elekezi, nianzie wapi?"

MWANAISHA: Wa alaikum salaam. Umenitega, Salim! Haya, nitaanza na aibu yangu, wasije wakadhani najua kila kitu.

SALIM: Tupe.

MWANAISHA: Ilikuwa kazi yangu ya pili. Kikundi cha wavuvi kinalalamika mapato hayatoshi. Nikachukua daftari lao la mauzo, nikaingiza kwenye kompyuta, nikachora grafu. Juni, Julai, Agosti, mapato chini. Nikaandika: "udhaifu wa usimamizi". Siku ya kuwasilisha, mzee mmoja akaisogelea grafu, akaweka kidole pale ilipozama, akaniuliza, "Mwanangu, miezi hii huvuma nini?"

SALIM: (anacheka) Kusi!

MWANAISHA: Kusi. Na mimi mtoto wa hapa hapa! Bahari imechafuka, vyombo vimefungwa, mimi nawatafutia wenyekiti makosa. Hesabu zangu zilikuwa sahihi zote, jibu likawa la kuchekesha.

SALIM: Kwa hiyo usikivu ndio wa kwanza.

MWANAISHA: Kuuliza, kabla hujafungua kompyuta. Na usione haya kuuliza lile swali ambalo kila mtu anadhani unalijua. Ningemuuliza mzee yule siku ya kwanza, ningeokoa wiki mbili.

SALIM: Lakini wenye fani wanasema jibu litangulie. Barbara Minto, aliyeingia kampuni ya ushauri ya McKinsey mwaka 1963, ndiye aliyeueneza mtindo huo: hitimisho juu, sababu chini yake, ushahidi chini ya sababu. Kama piramidi.

MWANAISHA: Nautumia kila siku, kwenye karatasi. Mteja ana dakika tano, ukurasa wa kwanza umwambie afanye nini. Ila jaribu kuwaendea wazee wa Shela barazani uanze na hitimisho! Hujauliza habari za nyumbani, kahawa hujaionja. Watakusikiliza kwa adabu kabisa, na ukishaondoka hakuna litakalofanyika.

SALIM: Na takwimu, na slaidi?

MWANAISHA: Hizo utafundishwa. Kuandika sentensi fupi kunachukua muda mrefu zaidi.

SALIM: Tuje kwenye pesa, ndiyo wanayoisubiri.

MWANAISHA: Ngoja nikae sawa. Hadidu za rejea, yaani kazi uliyopewa na mipaka yake, ziwe kwa maandishi, hata kama mteja ni mjomba wako. Hasa akiwa mjomba wako! Kazi moja nilianza kwa kuambiwa "tutazamie mahesabu tu", nikamaliza nimewafundisha watu siku sita, malipo yale yale. Kisha omba malipo ya awali. Nauli ya boti ya Mokowe haingoji ripoti ikamilike.

SALIM: Na ukilipwa, pesa zimepungua.

MWANAISHA: Asilimia 5, kodi ya zuio. Mteja anaikata, anaipeleka KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kwa jina lako. Dai cheti chake, utakihitaji ukijaza ritani ya kodi. Mara ya kwanza mimi nilipiga simu kwa ukali, nadhani nimedhulumiwa. Kesho yake nikapiga tena kuomba radhi.

SALIM: (anacheka) Na wavuvi je, uliwarudia?

MWANAISHA: Niliwarudia. Niliiandika ripoti upya, kurasa nne, kiini chake akiba ya kuwavusha miezi ya kusi. Mzee yule akasomewa na mjukuu wake, kisha akanirudishia ukurasa wa pili.

SALIM: Hesabu tena?

MWANAISHA: Hesabu aliikubali. Nilikuwa nimeandika wana majahazi matatu. Akasema, "Mwanangu, hizi ni mashua."