Mtungi wa Jikoni Usiingie Kwenye Buti la Gari

Ndugu zangu mafundi na madereva, nashukuru kwa kunialika tena. Wanaonifahamu wanajua nitakapoanzia, nami sitabadili: anayetaka kuligeuza gari lake la petroli litumie gesi ya kupikia, tena akiwa nyumbani kwake, kwanza auache mtungi wa jikoni jikoni.

Dereva mmoja wa teksi aliniletea gari akilalamika kwamba likitoka Mbagala linakwenda vizuri, ila kabla ya kufika mjini linaishiwa nguvu na kuzimika. Akilipumzisha robo saa, linawaka tena kana kwamba halikuwa na ubaya wowote. Nilipofungua buti nilikuta mtungi wa kilo 15 umefungwa kwa tyubu ya baiskeli, na nusu yake ya chini imeganda barafu nyeupe kama ukuta wa friza. Nilipitisha kidole, barafu ikachunika. Na huo ulikuwa mchana wa Dar es Salaam.

Mtungi wa jikoni hutoa mvuke kwa juu, na kimiminika kilichobaki hulazimika kuchemka ili kuufidia mvuke uliotoka, na kuchemka huko hunyonya joto la kimiminika chenyewe na la chuma kinachokizunguka. Jiko huhitaji mvuke kidogo, injini hudai mwingi mno. Basi mtungi hupoa, presha hushuka, gari huzimika. Fundi aliyemfungia alikuwa amekwisha kumpa dawa: augeuze mtungi kichwa chini. Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira hiyo ninayo hadi leo. Mtungi uliogeuzwa hutoa kimiminika badala ya mvuke; lita moja ya kimiminika hicho huwa takriban lita 250 za mvuke, na regyuleta ya jikoni haikuundwa kupokea kimiminika hata tone. Tenki halisi la gari hutoa kimiminika kwa makusudi, kikapita kwenye bomba hadi chini ya boneti, kwenye kifaa kinachopashwa moto na maji ya injini, na humo ndimo kinamogeuka mvuke. Ndiyo maana gari lililofungwa sawasawa huwaka kwanza kwa petroli, likingoja maji yapate moto.

Najua mtaniuliza: mbona mitungi imejaa majumbani na hatulipuki? Mtungi wa nyumbani umetulia na dirisha li karibu. Buti ni sanduku lililofungwa, linatikisika kila shimo, na gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haipandi, bali hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya viti. Ikifika sehemu 2 tu katika 100 za hewa, cheche moja yatosha. Wala msiniambie kwamba daladala za gesi asilia zinapita salama. Gesi hiyo asilia, inayochimbwa Songo Songo, ni methani, nyepesi kuliko hewa, na huhifadhiwa kwenye mitungi minene kwa presha ya baa 200 hivi. Ni chombo kingine kabisa.

Kuna wanaonunua tenki halali, kisha wakalijaza uani kwa kumiminia kutoka mtungi mkubwa. Tenki la gari lina boya linalofunga njia likifika asilimia 80, kwa kuwa kimiminika hiki hutanuka sana kwa joto, na kikikosa nafasi hupasua chuma. Nimeliona boya limeng'olewa ili “iingie nyingi”. Aliyeling'oa amewaondolea watoto wake kinga ya mwisho.

Muda umenibana. Kuhusu plagi na kulika kwa viti vya vali tutazungumza siku nyingine. Kuhusu viungo vya mabomba, vipakeni maji ya sabuni na kutazama povu, msipime kwa kiberiti hata mkiwa nje. Tenki nililolikata kati liko hapa mezani. Sogeeni, kila mmoja alinyanyue boya kwa kidole chake aone linavyofunga.