Kumwona Dereva Ndani ya Kofia: Mhadhara Kuhusu Filamu za Maisha ya Madereva wa Mbio za Magari

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu hamjambo.

Anayetaka kutengeneza filamu ya maisha ya dereva wa mbio anaanza na tatizo moja kubwa: mhusika wake haonekani. Mwanasoka unauona uso wake akikosa penalti. Bondia unaiona damu. Dereva wa langalanga, yaani Formula 1, amevaa kofia ngumu, amefungwa mikanda, amelazwa ndani ya gari hadi mabega, na kazi yake yote iko kwenye vidole, nyayo na shingo. Kwa hiyo watengenezaji wengi hukimbilia vitu viwili vinavyopigika picha kwa urahisi, yaani ugomvi na ajali. Ninayotaka kuyasema jioni hii ni kwamba filamu ya dereva husimama pale mtazamaji anapoielewa kwanza kazi yenyewe. Akishaielewa, ugomvi unakuwa na sababu na ajali inauma. Asipoielewa, anatazama vyuma vikigongana.

Mfano wangu mkuu ni Senna, dokumentari ya mwaka 2010 kuhusu Ayrton Senna, dereva wa Brazil aliyefariki kwenye mbio za Imola, Italia, mwaka 1994, iliyoongozwa na Asif Kapadia na kuhaririwa na Gregers Sall na Chris King. Ilipata tuzo mbili za BAFTA, tuzo za filamu za Uingereza, ya dokumentari bora na ya uhariri bora, na hiyo ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi. Filamu nzima imejengwa kwa picha za zamani. Hakuna mtu anayeketishwa kwenye kiti mbele ya kamera akasimulia. Dada yake Viviane, mpinzani wake Alain Prost, mkuu wa timu yake ya McLaren Ron Dennis, daktari wa mbio Sid Watkins na waandishi wa habari wanasikika tu, jina likitokea kwenye kioo, huku macho yetu yakibaki mwaka 1984 au 1988.

Uamuzi huo una faida ambayo haionekani mara moja. Ukimwonyesha shahidi mwenye mvi, umeshamwambia mtazamaji kwamba huyu alizeeka na yule hakuzeeka. Kila mahojiano ya sura yanatutoa kwenye mbio na kutuweka kwenye matanga. Kapadia hakututoa. Tunafika Imola bila kuandaliwa, kama waliokuwapo.

Lakini uamuzi huo una bei yake. Kisichopigwa picha hakipo. Filamu inaruka upesi kutoka karti, yale magari madogo ya mbio, za mwaka 1978 hadi Monaco 1984, na msimu wa 1983 wa Uingereza wa Formula 3, daraja la chini ya Formula 1, ambao Senna alipambana na Martin Brundle hadi mwisho, haupati nafasi. Monaco 1984 yenyewe ilikuwa na kila kitu: mvua kubwa, gari dhaifu la timu ya Toleman lililoanza nafasi ya 13, kijana anamfukuza Prost, na mbio zinasimamishwa mzunguko wa 31. Kwa kuwa hazikufika mbali ya kutosha, pointi zilitolewa nusu, hivyo mshindi Prost akapata nne na nusu badala ya tisa. Mwisho wa mwaka akalikosa taji mbele ya Niki Lauda kwa nusu pointi. Lau mbio zingeendelea na Senna akampita, Prost angepata pointi sita za nafasi ya pili na kuwa bingwa. Mwandishi wa mswada anayetafuta kejeli ya maisha hahitaji kubuni chochote hapo.

Sasa tuingie kwenye picha, kwa sababu ndipo kasi inapopotea. Gari linalokwenda kilomita 300 kwa saa linasafiri mita 83 kwa sekunde. Kwa fremu 24 za sinema, linasogea karibu mita tatu na nusu kati ya fremu moja na nyingine. Shata, yaani kifuniko kinachoruhusu mwanga kuingia kwenye kamera, ikiwa wazi nusu ya muda wa fremu, yaani 1/48 ya sekunde, gari limeacha ukungu wa mita moja na robo tatu ndani ya fremu moja. Ukungu huo ndio kasi. Anayefupisha muda wa shata hadi 1/500 ya sekunde ili picha iwe safi anapata gari linalorukaruka, kali kila mahali, lisilo na mwendo.

Lenzi nayo hudanganya. Ukisimama mwisho wa barabara iliyonyooka na lenzi ya milimita 600, gari linakuja kwako kwa sekunde nyingi bila kukua. Inafaa kuonyesha joto na kusubiri, haifai kuonyesha kasi. Kwa kasi, shusha kamera hadi sentimita 30 kutoka ardhini, tumia lenzi pana, na hakikisha kuna kitu karibu kinachopita: ukingo wa rangi, uzio, ukuta. Ndiyo maana Monaco huonekana ya kasi kuliko Monza ya Italia, ingawa Monza ndiko wanakokimbia zaidi.

Hapo ndipo picha ya kamera iliyofungwa ndani ya gari inapokuwa dhahabu. Magari ya McLaren ya Senna yalikuwa na gia za mkono hadi msimu wa 1991. Kwenye picha za Monaco za miaka hiyo unaona mkono wa kulia ukiacha usukani, ukibadili gia, ukirudi, mara nyingi katika kila mzunguko, huku kuta zikipita karibu na magurudumu na mkono wa kushoto peke yake ukilishika gari kwenye kona. Filamu ya Senna inamwachia mtazamaji picha hizo kwa muda bila maneno mengi. Mhariri mwenye haraka angezikata kila baada ya sekunde mbili. Hilo ni kosa, kwa sababu ukikata unaondoa uthibitisho. Mtazamaji lazima aone kwamba hakuna kupumzika, na kutopumzika huonekana pale tu kipande kinapoendelea.

Sauti ina uzito uleule, na watu wanaoipenda langalanga huikagua filamu kwa masikio. McLaren ya 1988, iliyoshinda mbio 15 kati ya 16, ilikuwa na injini ya Honda ya silinda sita, lita moja na nusu, yenye tabo, kifaa kinachosukuma hewa ya ziada kwenye injini. Mwaka 1989 ikaja ya silinda 10 isiyo na tabo, na 1991 ya silinda 12. Ni milio mitatu tofauti kabisa. Ukichukua mlio wa 1989 ukaubandika kwenye picha ya 1988, wapenzi wa mbio watajua kabla kona ya kwanza haijaisha.

Tena sauti inaweza kusimulia yenyewe. Mbio za Brazil za 1991 pale Interlagos, Senna alianza kupoteza gia moja baada ya nyingine hadi akabaki na ya sita. Kwa nje gari linaonekana sawa. Kwa sauti, kwenye kona za polepole injini inashuka chini mno, inanguruma kwa shida, kisha inapanda taratibu pasipo mkato wa kubadili gia. Alimaliza mbele ya Riccardo Patrese kwa chini ya sekunde 3, akapiga kelele ndani ya kofia, na kwenye jukwaa alishindwa hata kulinyanyua kombe vizuri. Mhariri aliyefunika sehemu hiyo kwa muziki mzito ameua ushahidi wake mwenyewe. Muziki uje baadaye, injini ikishasema.

Mnaotaka kufanya kazi na mikanda ya zamani, shikeni jambo hili la kiufundi, kwa sababu limeharibu kazi nyingi. Televisheni ya Ulaya ya miaka hiyo ilirekodi fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ikiwa nusu mbili zilizosukwa mstari kwa mstari. Japani na Marekani zilirekodi takriban fremu 30. Kwa hiyo mbio za Imola na za Suzuka, Japani, zinakufikia kwa miendo miwili tofauti. Ukiziweka pamoja kwenye programu ya uhariri bila kuzitayarisha, mambo mawili hutokea. Kingo za magari zinakuwa na meno kama ya kitana, na picha ya Japani inakuwa na kigugumizi kila kamera inapofuata gari. Ondoa kwanza msuko wa mistari, kila mkanda kwa mpangilio wake, kisha ndipo ubadilishe mwendo. Na ukiishusha picha ya fremu 25 hadi 24, sauti inateremka karibu robo tatu ya nusu toni. Kwa mtu anayezungumza haisikiki sana. Kwa injini inasikika, kwa hiyo rekebisha kimo cha sauti.

Kuhusu umbo: picha ya zamani ni 4 kwa 3. Usiinyooshe ijaze skrini pana, maana magurudumu yanakuwa mayai. Iache na kingo nyeusi, au ikate juu na chini ukiangalia fremu kwa fremu kofia ya dereva isikatwe.

Haki za matumizi ndizo huzuia filamu nyingi zisitoke. Kipande cha sekunde 20 cha mbio kinaweza kuwa na wamiliki watatu: mwenye picha, mwenye sauti ya mtangazaji, na mwenye muziki uliokuwa ukipigwa uwanjani. Picha za nyumbani ni za familia. Tengenezeni jedwali tangu siku ya kwanza: namba ya mkanda, muda wa kuanza na kuisha, mwenye picha, mwenye sauti, kibali kimepatikana au bado. Anayeliacha jedwali hadi mwisho analazimika kubomoa filamu iliyokwisha kuhaririwa.

Suala la haki kwa watu ni gumu zaidi. Senna na Prost waligongana Suzuka 1989, wakagongana tena Suzuka 1990, na Senna mwaka uliofuata akakiri kwamba ile ya pili alikusudia. Filamu inasimama upande wa Senna, na Prost alilalamika hadharani kwamba amefanywa mtu mbaya. Naona ana hoja. Miezi ya mwisho wawili hao walikuwa wamepatana. Pale Imola, Senna alimtumia Prost salamu za rafiki kupitia redio ya gari akirekodi mzunguko kwa ajili ya televisheni ya Ufaransa. Filamu inaupa upatanisho huo nafasi ndogo, na nadhani ingekuwa na nguvu zaidi kama ingeupa kubwa. Hata hivyo, siku tatu za mwisho zimepangwa kwa ustadi mkubwa: Ijumaa tarehe 29 Aprili ajali ya Barrichello, Jumamosi kifo cha Roland Ratzenberger, Jumapili tarehe 1 Mei 1994 ajali ya Senna mwenyewe kwenye kona ya Tamburello. Misimu mizima imepita kwa dakika chache, kisha hapo muda unapunguzwa mwendo, na uso wa Senna kabla ya mbio unaachwa mbele yetu bila maelezo.

Filamu za kuigiza nitazipitia kwa haraka. Rush ya Ron Howard, 2013, mswada wa Peter Morgan, inahusu msimu wa 1976 wa James Hunt na Niki Lauda. Mambo makubwa ni ya kweli. Lauda aliungua kwenye ajali ya Nürburgring, Ujerumani, tarehe 1 Agosti, akarudi Monza baada ya wiki sita na kumaliza wa nne, akajitoa kwenye mvua ya Fuji, Japani, akapoteza taji kwa pointi moja, 69 kwa 68. Kilichotiwa chumvi ni uadui. Hao wawili walikuwa marafiki. Ford v Ferrari ya 2019, kuhusu dereva Ken Miles na kampuni ya Ford kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, inamwacha Miles nyumbani mwaka 1965, ilhali alikimbia Le Mans mwaka huo, na inamweka Enzo Ferrari, mwanzilishi wa Ferrari, uwanjani mwaka 1966 wakati hakuwapo. Kumsogeza mtu mahali ili tukio lieleweke naweza kukubali. Kumnyang'anya dereva mbio alizokimbia sikubali, maana mbio ndizo maisha yake.

Kuna pia bei ya mwili. Filamu ya Le Mans ya Steve McQueen, iliyotoka 1971, ilirekodiwa kwa magari halisi yakienda kwa kasi halisi, na dereva David Piper alipoteza sehemu ya mguu wake kwenye ajali ya upigaji picha. Siku hizi mwigizaji anaweza kushika usukani usiofanya kazi, huku dereva wa kweli akiliendesha gari kutoka kwenye kiti kilichofungwa juu ya paa. Uso unapata mtikisiko na mvuto wa kweli wa kona, na mwigizaji hana la kuharibu.

Kwetu Afrika Mashariki, hazina iko kwenye Safari Rally, iliyoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda 1965 na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokwisha kutumika kwenye mashindano ya mwaka uliotangulia, akashinda tena 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano. Ushindi wake wa kwanza, 1973, alilingana kabisa kwa adhabu na Harry Källström, akapewa yeye kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa. Mwaka 1983 dereva mwanamke Michèle Mouton alimaliza wa tatu.

Ugumu wa Safari ni kwamba hakuna kamera moja iliyoiona. Picha zake zilipigwa na vituo vya televisheni, kampuni za magari na watazamaji wa kando ya barabara, nyingi kwenye filamu ya milimita 16. Mkanda wa kawaida wa futi 400 ni dakika 11 tu, na mara nyingi hauna sauti. Ukifungua kopo ukasikia harufu ya siki, filamu imeanza kuoza: itenge na nyingine, iweke mahali pakavu penye ubaridi, usiipitishe kwenye projekta, ipeleke ikaskaniwe. Sauti ya injini irekodiwe upya kutoka kwenye gari la aina ileile: kipaza sauti kimoja ndani karibu na sikio la dereva, kimoja kwenye boneti, kimoja nyuma pembeni mwa eksozi pasipofikiwa na hewa ya moto, vyote vikiwa na kinga ya upepo. Rekodi kila gia peke yake, ikipanda na ikishuka, kisha rudia kwenye vumbi na kwenye matope.

Na msianze na dereva. Anzeni na mwelekezi wake, yaani yule anayekaa pembeni akimwongoza njia, na mafundi. Dereva hukumbuka matokeo. Mwelekezi anakumbuka kituo gani walichelewa na kwa dakika ngapi, na fundi anakumbuka spiringi ipi ilikatika. Kwa hayo ndipo mnapojua mtafute kipande gani cha filamu.

Sasa tuzime taa. Nitawaonyesha Suzuka 1989, mzunguko wa 46, mara mbili. Mara ya kwanza bila sauti. Andikeni mnaona kosa ni la nani. Mara ya pili kwa sauti, mkisikiliza kila mmoja anaachia mafuta wapi, kisha tulinganishe majibu.